Kimbunga kikija Houston: cha kufanya kabla, usiku wenyewe, na miezi ya baada

Ndugu zangu, hii naiandika hasa kwa ajili ya wale waliofika Houston juzi juzi, waliotoka Nyarugusu, Nairobi, Bujumbura, Goma, Dar, popote pale, maana kila ukiingia mwezi wa sita naulizwa maswali yale yale na kila mara nakuta mtu kaambiwa mambo nusu nusu. Mimi natoka Tanga. Kwetu mvua ya masika tunaijua, upepo wa kusi tunaujua, lakini kimbunga chenyewe tulikuwa tunakisikia redioni tu. Kuna sababu, vimbunga karibu na ikweta ni vigumu kujisokota kwa sababu mzunguko wa dunia pale hauvisaidii, ndo maana pwani yetu hupona miaka mingi. Kuna siku haiponi lakini. Zanzibar ilipigwa mwaka 1872 mpaka mikarafuu ya Unguja ikaisha karibu yote, na Hidaya ya Mei 2024 ilifika Mafia, bahati ilikuwa imeshaanza kuishiwa nguvu. Kwa hiyo tunakuja huku Texas tukiwa hatuna hata bibi wa kutusimulia kimbunga kinakuwaje. Hicho ndo kinachoniuma, na ndo sababu ya andiko hili.

Msimu unaanza tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba. Kilele chake ni Agosti kuelekea katikati ya Oktoba, tarehe 10 Septemba ndo katikati kabisa. Sasa kitu cha kwanza naomba ukitoe kichwani ni hii habari ya namba. Utasikia kwenye TV kimbunga daraja la 1, daraja la 4, na watu wakisikia 1 wanalala. Ile namba inapima upepo peke yake, daraja la 1 linaanza kilomita 119 kwa saa, la 5 linaanza 252. Haisemi chochote kuhusu maji. Kimbunga Harvey ilitua Rockport, mji wa pwani hapa Texas, tarehe 25 Agosti 2017 ikiwa daraja la 4, lakini ilipotuzamisha sisi Houston ilikuwa imeshashuka, haikuwa hata kimbunga kamili tena kwa vipimo vyao. Ilichofanya ni kukaa. Ikagoma kuondoka, ikamwaga maji siku baada ya siku, pale Nederland upande wa mashariki walipima inchi 60.58, yaani kama milimita 1,539, na Dar es Salaam mwaka mzima haipati mvua hiyo. Afu Beryl ya tarehe 8 Julai 2024 ilikuwa daraja la 1 tu, ndogo kabisa kwa namba, ikakata umeme kwa wateja zaidi ya milioni 2 kwenye joto la Julai. Kwa hiyo ukisikia kinakuja usiulize ni namba ngapi, uliza maji kiasi gani, na kinatembea kwa kasi gani. Kinachotembea polepole ndo cha kuogopa.

Swali la pili ni unakaa wapi, na hapa lazima uwe mkweli na nafsi yako. Wanaokaa karibu na bahari, Galveston, Kemah, upande wa Baytown, hao hofu yao ni bahari yenyewe kupanda na kuingia nchi kavu. Galveston mwaka 1900 ilipoteza watu wanaokadiriwa kuwa 8,000 kwa usiku mmoja namna hiyo. Maeneo hayo yamegawanywa kwa zip code, ile namba ya posta ya mtaa wako, kwenye kanda za kuhama, na kanda yako ikitajwa unaondoka, hamna mjadala, unaondoka mapema kabla barabara haijajaa. Lakini sisi wengi tuko kusini magharibi, Gulfton, Alief, Bissonnet, Fondren, huko si kanda ya kuhama kwa ajili ya bahari. Huko adui ni bayou, ile mito midogo iliyosakafiwa saruji unayoiona mikavu mwaka mzima mpaka unadhani ni mtaro tu. Ikijaa inarudi barabarani, kutoka barabarani inaingia parking, kutoka parking inaingia sebuleni kwako.

Msemo wa huku ni kwamba maji unayakimbia, kwa upepo unajificha. Kama hujaambiwa kuhama na nyumba yako si ya kubebeka, usikimbie tu kwa sababu jirani kakimbia. Mwaka 2005 Rita ilipokuwa inakuja, wiki chache tu baada ya Katrina kuiangamiza New Orleans, watu zaidi ya milioni 2 waliingia barabarani kwa pamoja, wakakwama juani masaa na masaa, na waliokufa kwenye safari ile walizidi 100, kukiwemo wazee wa nyumba ya kulelea waliokuwa kwenye basi lililoshika moto karibu na Dallas. Kimbunga chenyewe kikaenda kupiga pembeni. Na wale wanaokaa kwenye trela, nyumba za kubebeka, hao wanahama hata kwa daraja la 1, zile hazihimili upepo.

Ukipangisha apatimenti, omba ghorofa ya pili. Najua ya chini ni rahisi kwa mama mwenye watoto na mizigo, na ofisi inaipenda kuigawa kwa wageni, lakini omba. Uliza wenyeji wa zamani, mwaka 2017 maji yalifika wapi? Watakuonyesha kwa mkono ukutani. Tangu 2022 sheria ya Texas inamtaka mwenye nyumba akupe karatasi inayosema kama nyumba iko kwenye bonde la mafuriko na kama iliingia maji ndani ya miaka 5 iliyopita. Watu tunasaini bila kusoma, karatasi ni nyingi, tafuta mtoto wa shule akusomee hiyo moja. Ila usijidanganye na ramani ya mafuriko nayo, Harvey nyumba nyingi zilizozama zilikuwa nje ya mstari wa ramani.

Bima sasa. Ile bima ya mpangaji ambayo ofisi inakulazimisha ukate, yenye kulipia kama dola chache kwa mwezi, HAILIPI mafuriko. Nimeona watu wazima wakilia kwa hili. Inalipa moto, wizi, bomba likipasuka, lakini maji yaliyotoka nje kuingia ndani hailipi. Bima ya mafuriko ni nyingine, kuna mpango wa serikali unaitwa NFIP, na mpangaji anaruhusiwa kukata ya vitu vyake tu bila nyumba. Tatizo ni kwamba inaanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo ukiona kimbunga kwenye TV ndo unapiga simu, umechelewa. Piga mwezi wa tano. Gari pia, kama una ile bima ya chini kabisa inayomlipa mtu uliyemgonga tu, gari lako likizama ni hasara yako mwenyewe.

Kabla ya chakula, kabla ya tochi, shughulikia karatasi. Nasisitiza kwa sababu sisi si kama Mmarekani aliyezaliwa hapa, yeye akipoteza cheti anaagiza kingine, wewe ukipoteza I-94 yako (karatasi ya kuingilia nchini), green card, karatasi za asylum (hifadhi), kadi ya Social Security, vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilivyotolewa na ofisi ambayo labda haipo tena kule ulikotoka, utahangaika mwaka mzima na hela juu. Nunua mifuko ya plastiki yenye zipu, ile mikubwa, weka kila kitu humo, afu mfuko ndani ya mfuko mwingine, afu ndani ya begi la mgongoni linaloning'inia karibu na mlango msimu mzima. Piga picha kila karatasi, mbele na nyuma, jitumie kwa email, mtumie na ndugu yako wa mji mwingine. Ukishamaliza tembea na simu nyumba nzima ukirekodi video, fungua makabati, fungua friji, onyesha TV, makochi, godoro, viatu, na useme kwa sauti hii niliinunua lini. Dakika kumi tu. Mimi sikuwa na video hiyo 2017 na nilipoulizwa nilikuwa na nini ndani nilibaki nakumbuka vitu mpaka miezi mitatu baadaye nikiwa usingizini, nastuka, aa, na cherehani ya mama.

Maji ya kunywa hesabu galoni 1 kwa kila mtu kwa siku, yaani karibu lita 4. Watasema siku 3, mimi nakwambia weka ya wiki, nunua kidogo kidogo kuanzia Mei kwa sababu siku mbili kabla ya kimbunga maduka ya H-E-B na Fiesta utakuta rafu tupu na foleni ya ugomvi. Chakula kisichohitaji moto: mkate, siagi ya karanga, maharage ya kopo, samaki wa kopo, tende, karanga, biskuti. Unga wa ugali hausaidii kitu bila jiko, kumbuka hilo. Kifungulia kopo cha mkono. Jaza tangi la gari likiwa bado nusu. Toa cash kidogo, noti ndogo ndogo, umeme ukikatika mashine za kadi hazifanyi kazi na ATM nazo zimekufa. Pawabenki mbili zimejaa. Siku yenyewe jaza beseni la kuogea maji, hayo ni ya kumwaga chooni.

Dawa, wengi wanasahau. Mwenye sukari, mwenye presha, mtoto wa pumu, jaza dawa mapema. Texas inamruhusu mfamasia kukupa dawa za hadi siku 30 wakati gavana ameshatangaza janga hata kama daktari wako hapatikani, ingawa si kila aina ya dawa, kwa hiyo nenda na chupa yako ya zamani umwonyeshe. Kama una mzee au mgonjwa asiyeweza kuondoka bila msaada, au familia yako haina gari kabisa, piga 211, simu ya msaada na maelekezo, useme unataka kujiandikisha STEAR. Ni daftari la jimbo la watu watakaohitaji kusaidiwa. Ni bure, unaandikishwa upya kila mwaka, na hilo si la kusubiri upepo uanze. Ukipiga 211 sema tu "Swahili, please" na ukae kwenye laini, usikate, wanatafuta mkalimani.

Kwenye simu zitakuja tahadhari za Kiingereza, maneno mawili yanachanganya watu sana. "Watch" maana yake kimbunga kinawezekana, huwa inatolewa kama saa 48 kabla ya upepo mkali kuanza. "Warning" maana yake kinategemewa kufika, saa 36 hivi. Ikitoka watch malizia manunuzi, kama wewe ni wa kuhama anza kufunga. Ikitoka warning uwe umeshamaliza. Na tafadhali habari za kimbunga usizichukue kwenye zile sauti zinazosambazwa WhatsApp na mtu anayesema mkubwa wake serikalini kamwambia. Angalia kituo cha taifa cha vimbunga, na kwa hapa mjini tovuti ya Space City Weather wanaandika kwa utulivu bila kutisha watu, mwambie kijana wako akutafsirie.

Usiku wenyewe. Upepo ukianza kaeni chumba cha katikati kisicho na dirisha, chooni au koridoni, na magodoro. Gari lipeleke mapema sehemu ya juu, kama kuna jengo la parking la ghorofa karibu panda nalo. Upepo ukitulia ghafla usitoke kushangilia, huenda ni jicho la kimbunga linapita juu yenu na upande wa pili unakuja na nguvu ile ile.

Maji yakianza kuingia ndani zima umeme kwenye swichi kubwa kama unaifikia ukiwa mkavu, ukiwa umeshasimama kwenye maji usiiguse. Afu panda juu. Siyo ndani ya dari, watu hunaswa humo hawana pa kutokea, panda ghorofa ya juu ya jirani, na kama ni nyumba isiyo na ghorofa basi panda paani.

Kwetu ilikuwa usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 27 Agosti 2017, tulikuwa ghorofa ya chini, nilishuka kitandani nikakanyaga kapeti ikalia chwaa. Nikadhani bomba. Nikawasha taa nikaona viatu vya watoto vinaelea kuelekea jikoni. Mume wangu alitaka tutoke na gari twende kwa kaka yake, mimi nikakataa, hatukuwa tunaona barabara iko wapi na mtaro uko wapi. Tukabeba watoto tukapanda juu kwa mama mmoja wa Kikongo ambaye mpaka usiku ule tulikuwa tunasalimiana tu mlangoni. Akafungua kabla hatujagonga mara ya pili. Tulikuwa watu kumi na saba kwenye apatimenti ya vyumba viwili kwa siku tatu, akapika wali kwenye sufuria moja mpaka gesi ikaisha. Gari tulilolikataa tulilikuta asubuhi maji yamefika kwenye usukani.

Hilo la gari nalirudia. Maji yanayotembea ya sentimita 15 tu yanamwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinainua gari dogo likaelea, 60 zinabeba karibu gari lolote, hata zile pickup kubwa. Houston barabara zinapita chini ya madaraja na pale ndo maji yanajikusanya, usiku huoni kina, unaona lami inang'aa tu. Wengi waliokufa kwenye Harvey walizama. Bosi akikupigia uje kazini kwenye hali hiyo, mwambie barabara imefunikwa na maji, piga picha umtumie. Kazi nyingine itapatikana.

Kukikucha usiwaruhusu watoto kucheza kwenye yale maji, najua kwetu mafuriko yakija watoto wanaogelea. Haya yana choo ndani, yana mafuta, yana waya za umeme zilizoanguka. Yana nyoka. Na kuna wale siafu wa huku, wadudu wekundu wanaouma kama moto, mafuriko yakija wanashikana maelfu wanaelea kama kipande cha mkeka, ukiwagusa wanakupanda mguu mzima. Vaa buti. Ukikatwa na kitu kioshe kwa maji safi na sabuni na uulize sindano ya pepopunda. Wakitangaza maji ya bomba yachemshwe, chemsha yatokote dakika moja kamili. Kama huwezi kuchemsha, tumia dawa nyeupe ya klorini isiyo na harufu ya manukato, sisi tunaita Jik, huku ni Clorox na wenzake, ile ya asilimia 6 matone 8 kwa galoni, koroga, subiri nusu saa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa maana hapa ndo panaua watu wetu. Umeme umekatika, friji inayeyuka, watoto wana njaa, na mtu ana jiko la mkaa analolitumia kuchomea nyama. Analiingiza ndani, au anaweka barazani na mlango wazi. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haikohoshi. Unasikia kichwa kinauma, usingizi, kichefuchefu, unadhani ni uchovu, unalala, huamki. Kwetu tumezoea kupikia mkaa ndani na tukapona kwa sababu nyumba zetu zina matundu, upepo unapita juu ya ukuta. Nyumba za huku zimezibwa kila upande ili baridi ya AC isitoke. Baridi ile ya Februari 2021 watu hapa Houston walikufa hivyo hivyo, na Beryl pia. Jenereta ni hivyo hivyo, liwe nje, futi 20 kutoka nyumbani kwa uchache, mita 6, mdomo wa moshi ukielekea mbali na madirisha yako na ya jirani. Siyo gereji, hata mlango wa gereji ukiwa wazi. Siyo barazani kwa apatimenti. Nunua king'ora cha gesi hiyo cha betri, kila mwenye jenereta lazima awe nacho. Mtu akilalamika kichwa, wote tokeni nje kwanza halafu ndo mpige 911, namba ya dharura.

Friji usiifungue, ikifungwa inahimili saa 4. Frizi ikiwa imejaa saa 48, nusu yake saa 24. Kuna kamchezo kazuri: kabla ya kimbunga gandisha kikombe cha maji kwenye frizi afu weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukikuta sarafu imezama chini, barafu iliyeyuka yote, nyama hiyo tupa, najua inauma kuitupa, tupa.

Joto lenyewe ni janga la pili. Beryl kwetu umeme ulirudi siku ya sita. Wazee na watoto wachanga usiwaache ndani ya apatimenti iliyofungwa, mchana wapeleke maktaba au vituo vya kupoza watu vinavyofunguliwa na jiji, 211 watakwambia kipo wapi. Kitambaa chenye maji shingoni, maji ya kunywa kila saa hata kama hana kiu. Bibi wa peke yake mlango wa nne gonga asubuhi na jioni.

Nyumba iliyoingia maji, kabla hujatoa kitu chochote piga picha. Kila chumba, alama ya maji ukutani, namba za nyuma za TV na friji, gari. Nimewaona watu wa usafi, Mungu awabariki kwa bidii yao, wanatoa kila kitu barabarani siku ya kwanza, kumepambwa, kumenukia, na ushahidi umeondoka na lori la taka. Risiti za hoteli, za chakula, za dawa ya usafi, zote weka. Ukungu unaanza ndani ya saa 24 mpaka 48, kwa hiyo picha zikiisha fanya haraka: kapeti nje, godoro nje, madirisha wazi, feni. Zile bodi za jipsam ukutani zinanyonya maji kwenda juu, hukatwa kupita alama ya maji, lakini hiyo ni kwa mwenye nyumba yake. Mpangaji usikate ukuta. Vaa barakoa na glavu, na usichanganye klorini na dawa yenye amonia, mvuke wake ni sumu. Gari lililozama usiliwashe "kujaribu", utaua injini, vuta kwanza.

Mpangaji iandikie ofisi. Andika, usiseme tu kwa mdomo, email au barua ukabaki na nakala, na picha. Sheria ya Texas inasema nyumba ikiwa haikaliki kabisa kwa janga, wewe au mwenye nyumba mnaweza kuvunja mkataba kwa barua. Ikiwa inakalika nusu, unaweza kupunguziwa kodi lakini ni mpaka mahakama iamue kama hamkubaliani. Maana yake usiamue mwenyewe kuacha kulipa, watakutoa kisheria, na rekodi ya kufukuzwa inakufuata miaka. Lone Star Legal Aid wanasaidia bure watu wa kipato cha chini, na baada ya janga wanakaa hadi kwenye vituo vya msaada.

FEMA, shirika la serikali kuu linalosaidia watu baada ya janga, simu yao ni 1-800-621-3362, omba mkalimani. Ukiwa na bima yoyote anza kudai huko kwanza, FEMA watataka barua ya bima. Wanaoruhusiwa ni raia, mwenye green card, mkimbizi, aliyepewa asylum na wengine wachache. Kama wewe bado huna hali hiyo lakini mtoto wako kazaliwa hapa, unaweza kuomba kwa niaba ya mtoto. Kuna sehemu ya kutia sahihi kwamba wewe au huyo unayemwombea ni raia au una hali inayokubalika, usisaini kitu ambacho si kweli, na kamwe usiseme wewe ni raia kama si raia, hilo linaweza kukufungia njia ya karatasi milele. Kama huna uhakika ongea na wakili wa uhamiaji kabla. Familia moja chini ya paa moja ni ombi moja, mkijiandikisha baba na mama kila mtu lake mnachelewesha wenyewe. Mwisho wa kuomba kwa kawaida ni siku 60 tangu janga litangazwe.

Barua ya kwanza ikija imesema hujakubaliwa, usiitupe! Nimekaa na familia nyingi mezani nikisoma barua hizo, mara nyingi sababu ni kitu kidogo, sahihi haipo, bili ya kuthibitisha unakaa pale haipo, jina kwenye mkataba limeandikwa la baba na ombi ni la mama. Majina yetu yanageuzwa sana, la ukoo mbele, la ubatizo nyuma, hakikisha yanafanana kila karatasi. Una siku 60 tangu tarehe ya barua kukata rufaa. Andika ukurasa mmoja, namba yako ya ombi kila ukurasa, ambatisha kilichokosekana. Hela ya msaada huo si mkopo, hairudishwi, na haihesabiwi kama kipato, lakini itumie kwa kilichoandikwa kwenye barua na risiti ubaki nazo.

Mkaguzi wa FEMA hatoi huduma kwa hela. Akiomba hata dola tano ni tapeli. Fundi anayegonga mlango na kutaka nusu ya malipo leo leo kwa cash, mwambie arudi na karatasi yenye anwani, na usikubali kumlipa yote kabla ya kazi.

Kuna jambo lingine watu hawalisemi. Wengi wetu tumetoka kwenye vita. Helikopta za uokoaji zilipoanza kuzunguka juu yetu 2017, yule mama wa Kikongo aliyetupokea, aliyekuwa amesimama imara usiku kucha, alikaa chini kwenye kona ya jikoni akaziba masikio. Watoto wangu mpaka mwaka uliofuata mvua ikinyesha usiku walikuja kulala sakafuni kwetu na viatu mkononi. Usimwambie mtoto ajikaze. Mwonyeshe begi liko wapi, mwambie tukisikia maji tunapanda juu kwa nani, mpe kazi ya kubeba tochi. Na mtu mzima asiyelala wiki mbili, anayetetemeka au haongei, aende kliniki, aseme kwa Kiswahili, mkalimani ni haki yake.

Jengo letu la sasa tuna karatasi moja, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati. Upande mmoja familia za chini, watoto wangapi, nani ana sukari, nani hana gari. Upande wa pili familia za juu, na kila ya chini imepangiwa mlango wa juu wa kugonga. Huwa tunaipitia Jumapili ya mwisho ya Mei baada ya kanisa, na Waislamu wetu wanakuja jioni, tunapika pilau, wanaohama tunawafuta, wapya tunawaandika. Mwaka huu familia tatu mpya za chini, moja ina mapacha wachanga, tumewapangia mlango ulio karibu na ngazi.